Seli zote zimehamia kushoto

Mwenzangu, nimeumbuka. Usimwambie mtu.

Leo nilikuwa nawaonyesha wageni wa maabara jinsi seli zinavyotembea kwenye uboho wa mifupa ya panya aliye hai. Panya kalazwa kwa dawa ya usingizi chini ya hadubini, picha ya seli inarushwa ukutani.

Mara seli zote zikahamia kushoto. ZOTE.

Mimi huyo, kwa sauti: "Hili halijawahi kuonekana popote!"

Wakapiga makofi. Makofi, mwenzangu.

Profesa akaniuliza taratibu, "Dawa ya usingizi umemwongezea saa ngapi?"

Sikumwongezea.

Seli hazikuhama. Panya ndiye alikuwa anaondoka.

Sasa hivi wageni wanakunywa chai, mimi niko chini ya meza na tochi. Profesa kainama, kaniambia, "Na huyu naye haonekani popote."