Kibanio Cheupe cha Jeong-rim

Mama Kyu-tae, bado niko ukumbi wa msiba. Nimekaa tu mbele ya picha ya mzee wangu. Wala silii.

Kile kibanio cheupe tunachobana nywele sisi wanawake wafiwa, binti yangu Jeong-rim kakichomoa kichwani mwake, kambana nacho Hye-ok! Mbele ya wakurugenzi wote wa kiwanda chake! Mbele ya watu wa kanisa!

Miaka yote tunasema Hye-ok ni mwanamke aliyepanga naye nyumba tu. Leo kamshika mkono, kamsimamisha mstarini na sisi wafiwa, kando yangu.

Mdogo wake Jeong-rim akamnong'oneza, "Dada, una wazimu? Kesho kampuni nzima itajua! Na Padri je?"

Hakupandisha hata sauti. "Hye-ok ndiye aliyemwogesha Baba mpaka mwisho. Wewe ulikuwa wapi?"

Kambana nacho, Mama Kyu-tae. Bado naviona vile vidole.

Mara akina mama wa jumuiya wakaingia na rozari. Rozalia, si unamjua, akakatisha sala, akamwita Jeong-rim kwa jina lake la ubatizo. "Agata, huyu naye ni nani kwenu?"

Agata wetu, bosi anayeogopwa na kiwanda kizima, akanitazama mimi, kama siku ya komunyo ya kwanza aliposahau maneno.

Nikasikia sauti, kumbe yangu: "Ni mkwe wangu. Rozalia, endelea na sala."

Wakaendelea.

Sasa Hye-ok kaniletea supu ya nyama. "Kula kidogo, Mama." Sisikii ladha yoyote. Lakini nakula.