Hawara wa Mfalme na Bakuli la Supu

Mjukuu wangu Zawadi,

Unisamehe, barua yako imekaa miezi mitatu bila jibu. Mtoto ananyonya bila kuchoka, na kazi ya saluni hapa soko la Warwick inanimaliza. Babu yako, mume wangu, amepata kazi kiwandani, mtaa wa Jacobs. Usicheke: kwa ukoo mimi ni bibi yako, hata kama nimekuzidi miaka minane tu.

Unauliza kama yule hawara wa mfalme wa Ufaransa mliyemsoma shuleni alikuwa na raha, kwa kuwa bwana mwenye mke anataka kukupangishia nyumba.

Mwanafunzi mmoja wa chuo cha Westville alinisimulia habari zake nikimsuka. Alizaliwa ukoo mkubwa, akapewa vyumba karibu na vya mfalme, wakubwa wakamwinamia. Kisha mfalme akaugua sana. Padri akasema, "Huyo mwanamke aondoke kwanza, ndipo nimpe sakramenti."

"Eish! Na mfalme?" nikamuuliza.

"Alikubali, mama. Watu wakamzomea huyo mwanamke njiani."

Mikono yangu ilisimama. Kabla ya babu yako, mimi pia nilipendwa na mwenye mke. Alipolazwa nilimpelekea supu, pasta wake akanizuia mlangoni: "Mama, mke wake yuko ndani. Tunataka kumwombea." Nilimtazama yeye kitandani. Aligeukia ukuta. Nikarudi na supu ikiwa bado ya moto. Habari za maziko nilizisikia kwa wateja.

Alinipenda, Zawadi. Hilo silikatai.

Vitu ninavyohitaji bado: ndakala kavu, wale dagaa wa kwetu, kilo mbili, kitenge kimoja cha kumbebea mtoto, na barua ya mkono wako inayosema huyo bwana umemwambia hapana.