Ribiti za Nguzo ya Tatu

3 Machi

Baba,
Shikamoo. U mzima? Sisi wazima, mjukuu wako ameng'oka jino la mbele na sasa anajiona mkubwa. Wiki ya tatu hii nakupigia simu, inaita mpaka inakata. Kama nimekukosea nitolee uvivu, usininunie. Daraja moja tu kati ya mji wako na wangu, halafu tuandikiane barua! Situlii hata kazini.
Mwanao

11 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Mwili haujambo. Sijakununia, sisikii. Haya, nimesema. Sikio la kulia lilikwisha mwaka jana, la kushoto linafuata. Kazi yangu unaijua: nagonga kwa nyundo kila ribiti, ile misumari minene inayoshika vyuma vya daraja. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa mlio mzito. Siku hizi naweka kiganja, nasikiliza kwa ngozi, kisha naandika "nzima". Mhandisi hajui. Akijua atanirudisha nyumbani, na tangu mama yako afariki humo ndani naongea na birika. Usimwambie mtu.
Baba yako

14 Machi

Baba,
Shikamoo. Leo sina salamu ndefu. Mjukuu wako huvuka daraja hilo kila asubuhi kwenda shule, tena anagombania kiti cha dirishani. Nimemzuia nyumbani, analia. Chuma chenyewe kimemzidi umri babu yako! Mwambie mhandisi. Usipomwambia, nitamwambia mimi, hata ukinichukia.
Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,
Marahaba. Nilimwambia siku ile ile nilipopata barua yako. Walipanda mafundi wawili wenye masikio yao, wakakuta ribiti kumi na nne zimelegea, zote nguzo ya tatu. Zote nimeziandika "nzima" kwa mkono wangu. Daraja limefungwa. Dukani wananinyooshea kidole, eti kiziwi katugawa miji miwili. Naona aibu, mama. Usije.
Baba yako

9 Aprili

Baba,
Shikamoo. Jana tulisimama foleni ya kivuko saa tatu nzima, jua la utosi. Mwanamke mmoja akaanza kumtukana mzee aliyefungisha daraja, watu wakacheka. Nikamwambia, "Huyo ni baba yangu, na ndiye aliyesema ukweli kabla daraja halijaua mtu."
Bado nimekukasirikia kidogo. Jumamosi tunakuja na mjukuu wako, foleni iwe ndefu vipi. Mlango uache wazi, maana hodi yangu hutaisikia.
Mwanao