Lori Lililooshwa Matope

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, na kutoka barazani ziwa halionekani. Nyuma ya mawe kuna weupe mtupu.

Leo asubuhi jumuiya yetu ya kanisani ilisali nyumbani kwangu. Zamu yangu hufika mara chache kwa mwaka, na siku hiyo viti vyote vya sebuleni hupata watu. Mimi ni mwalimu mstaafu. Mke wangu amefariki, na binti yetu Neema anaishi Dodoma na watoto wake. Siku nyingine hutumika kiti kimoja tu.

Mama Kulwa, jirani yangu, alikuja mapema kunisaidia kupanga nyumba. Ni mwanamke mwema, hanyamazi, wala hawezi kuona vumbi akaliacha. Nilikwenda dukani kununua sukari ya chai. Niliporudi, nilikuta ameosha kila kilichokuwa kabatini.

Katika kabati hilo nimeweka magari madogo ya chuma, mifano ya magari ya filamu na tamthilia tulizokuwa tukizitazama mimi na mke wangu. Kuna gari la polisi, kuna teksi ya mpelelezi mmoja mlevi, na kuna lori la mbao lililovuka mafuriko.

"Mwalimu, lile lori lilikuwa na matope mpaka aibu!" alisema Mama Kulwa, povu likiwa bado mikononi. "Nimelisugua kwa mswaki na dawa ya meno. Sasa wageni wakiliona, wanaona gari!"

Matope yale yalikuwa rangi. Yalipakwa kiwandani kwa makusudi.

Katika filamu, dereva anashuka baada ya mafuriko na kufuta matope mlangoni kwa kiganja, ili jina la baba yake lisomeke. Waliotengeneza mfano ule waliiweka hata alama hiyo ya kiganja, ndogo kama punje ya mchele. Ndiyo iliyomfanya mke wangu alitambue lori lenyewe sokoni Mkuyuni, katika rundo la mitumba, kati ya wanasesere wasio na mikono. Alinivuta shati mbele za watu. "Baba Neema, si lori letu hili? Tazama mlango!"

Nilimwambia Mama Kulwa asante.

Wakati wa sala sikusali. Nilikuwa nikitazama lori linavyong'aa. Baadaye, tukinywa chai, mzee mmoja aliniuliza kama magari yale nimewawekea wajukuu. Nilijibu ndiyo. Wote wakasema wajukuu wangu wana bahati.

Wajukuu wangu hawajawahi kuyagusa. Ni ya mzee mzima, na niliona haya kusema hivyo.

Walipoondoka, nyumba ilinyamaza ghafla. Vikombe vilikuwa vingi, na vyote vilikuwa vitupu.

Mchana nilifanya jambo la kipuuzi. Nilichukua lori nikaenda nalo uani, nikapiga magoti penye tope la mvua, nikaanza kulipaka kwa kidole. Suruali ilikuwa ile niliyovaa kwenye sala ya jumuiya. Nilijaribu kuifanya ile alama ya kiganja mlangoni, lakini kidole changu ni kikubwa kuliko mlango wote.

"Mwalimu! Umeangusha nini?" Mama Kulwa alikuwa akichungulia juu ya ua.

"Ufunguo," nilisema, nikalificha lori kiganjani.

"Nije tuutafute wote?"

"Hapana. Nimeuona."

"Haya, inuka basi, tope litakula magoti hayo!" Alicheka, akarudi ndani kwake.

Angekuja. Nilichotakiwa kusema ni "njoo" tu.

Sasa lori liko dirishani. Tope limekauka na linadondoka vipande vipande, kwa sababu tope la kweli halishiki chuma. Nimelitazama sana, nikatambua kwamba hasira yangu si ya rangi. Aliyelijua lori hili hayupo, na hakuna mwingine niliyemweleza. Mama Kulwa angejuaje?

Filamu ninayo bado. Kesho baada ya misa nitamwita aje aitazame, naye ataongea tangu mwanzo hadi mwisho. Ikifika pale dereva anaposhuka, nitamwomba anyamaze kidogo, atazame mlango.

Kiti cha pili nilikuwa nimekirudishia magazeti wageni walipoondoka. Nimeshayaondoa.