Nani Kapika Jamu Hii?

6 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Baba naye shikamoo yake, maana najua ndiye anayekusomea, na ndiye utakayemsemea majibu aandike, kama siku zote. Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kuinamia cherehani kutwa. Nyie hali zenu?

Chupa ya jamu ya mapera imefika. Mama, sikuzunguki: nani kapika? Nimekuta mbegu. Wewe unachuja mara mbili, na mbegu moja ikipita unanuna siku nzima. Halafu asali imeungua! Umenifundisha tangu sijui kufunga kamba za viatu: sufuria iepuliwe, ipoe mpaka uweze kuishika kwa mikono mitupu, ndipo asali imiminwe. Hii imechemshwa pamoja na matunda. Chungu, tena haina hata harufu ya asali. Nimeila, lakini nimenuna.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi wazima kabisa, hatuna neno. Pole kwa mgongo. Kuhusu jamu, ilikuwa haraka tu, mapera yalikuwa mengi. Safari ijayo itakuwa nzuri. Kila kitu huku ni kizuri. Majirani wote ni wazuri. Kula vizuri.

Mama yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo nakuandikia wewe, si Mama.

Majirani wote ni wazuri? Mama yangu mimi? Barua ya Mama ina kurasa tatu, mbili za kumsema jirani wa ukuta wa pili, na moja ya kuniuliza mbona nimekonda wakati hata hajaniona. Hii ina mistari minne na hakuna aliyesemwa. Ya Februari nayo ilikuwa hivyohivyo, nikajifanya sijaona. Mwandiko ni wako, sawa, umekuwa wako miaka yote. Ila maneno si yake.

Sasa niambie, nani yuko jikoni kwetu? Kama umeleta mwanamke mwingine, sema, nitakasirika nitapoa. Kama mmegombana na Mama kaondoka, sema yuko wapi. La tatu siliandiki, mkono umekataa. Baba, naogopa. Karakanani nimeharibu mashati mawili wiki hii kwa kuwaza.

Binti yako

15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako yu hai. Nimeanza na hilo ili uweze kusoma yaliyobaki ukiwa umekaa.

Mwanamke wa jikoni ni mimi. Januari Mama yako alianguka uani akianua nguo. Kiharusi. Upande wa kulia umelala na maneno hayatoki. Akili yake nzima, macho yake ndiyo yaleyale ya kunisuta.

Miaka thelathini na moja amenisemea nikaandika, nikadhani nayajua maneno yake. Kumbe nilikuwa naandika tu, akili iko kwenye saa za wateja ninazotengeneza. Hata jamu nimeila miaka yote hiyo bila kuingia jikoni kuangalia inapikwaje. Basi nikamkalisha kwenye kiti karibu na jiko, nikajitia fundi. Nilipomimina asali moto ukiwaka, akapiga meza kwa kijiko, pa, pa, pa! Nikadhani anashangilia. Nami nikapiga meza, nikacheka. Akatoa machozi, nikasema ni moshi. Nilipomsomea barua yako ya Machi, pale penye asali, akanikazia macho hadi nikainama. Ndipo nikajua kile kijiko kilikuwa kinasema nini.

Sasa hilo limenizalia jingine, sijalala vizuri tangu barua yako ya pili. Alipotoka hospitali nilichukua karatasi nikamuuliza, tumwambie mtoto? Akaisukuma ile karatasi kwa mkono wake wa kushoto. Nikaona hataki ujue. Nikatunga barua za uzima, nikakudanganya kwa jina lake. Lakini mwanangu, hakuisukuma kando. Aliisukuma kwangu.

Leo asubuhi nimepiga magoti mbele yake, nikamuuliza polepole: siku ile, ulitaka nimwite? Akafumba macho, akaitikia kwa kichwa mara tatu.

Miezi mitatu amekuwa akikusubiri, na kila alipoona nafunga bahasha alidhani nimekuita. Usijibu barua hii. Njoo.

Baba yako