Miguu ya Borghild Ndiyo Hakimu

Jumanne, 3 Februari

Asubuhi nyuzi 29 chini ya sifuri, hakuna upepo. Moshi wa majirani umesimama wima. Gari nimelipasha kwa simu likiwa bado kwenye waya wa kuchaji — joto la umeme wa ukutani, si la betri. Ndiyo kanuni yangu, sijawahi kuivunja.

Mama mkwe, Borghild, amekuja kunywa kahawa. Miaka themanini na minne, na ufunguo wa kibanda cha mlimani unaning'inia shingoni kwa uzi wa sufu. Ametoa tamko mbele ya wanawe wote wawili, mdomo umejaa waffle, ule mkate mtamu wa vijumba: kibanda hakigawanyiki. Ijumaa mimi na mume wangu Eilif tumpandishe kwa gari letu la umeme. Akifika miguu yake ina joto, kibanda chetu. Ikipoa, cha Asbjørn, kaka mtu, mwenye gari la dizeli. "Miguu yangu ndiyo hakimu," kasema, "na hakimu hali rushwa." Kisha akaomba waffle nyingine.

Asbjørn alicheka mpaka kahawa ikampalia. Ati atatufuata nyuma na kamba ya kutuvuta.

"Shemeji, lile si gari. Ni pasi ya umeme yenye magurudumu."

"Pasi angalau inapata moto!"

Nakitaka kile kibanda! Madirisha yake nimeyapaka rangi mwenyewe kila kiangazi tangu niolewe. Asbjørn anataka kung'oa jiko la kuni aweke beseni la maji ya mapovu. Mapovu!

Kazi tumegawana. Mimi gari, Eilif kibanda. Hakuna mtu wa huku anayeingia kibanda baridi siku hizi. Unabonyeza simu huku bondeni, hita zinawaka kule juu. Eilif aanze kesho. Kazi moja tu.

Jumatano, 4 Februari

Nyuzi 32 chini. Mchana nilinunua siagi na jibini la kahawia vya safari, nikaviacha garini. Friji gani inaishinda Februari?

Natoka kazini maktabani — gari linavuma peke yake uwanjani, vioo vinatoka jasho. Ndani moto kama sauna! Siagi imekuwa mchuzi, imeshuka kwenye zulia. Jibini limejilaza kitini kama mlevi. Betri, niliyoiacha imejaa, imebaki nusu. Na mimi sikubonyeza kitu.

Nimemuuliza Eilif. Anaapa hajaligusa gari, hata kwa mawazo. Yeye na kibanda tu, anakipasha kila akikumbuka. Mume mwema.

Alhamisi, 5 Februari

Nyuzi 34. Gari limevuma usiku kucha. Theluji imeyeyuka kulizunguka, paka wa jirani amehamia juu ya boneti. Asbjørn alipita akasimamisha dizeli yake makusudi, akashusha kioo. "Shemeji, lina homa hilo. Lipe dawa."

Anajua kitu huyu! Nimebadilisha neno la siri la programu ya gari. Nimelibandika kwenye friji, Eilif asije akakwama siku ya shida.

Jioni Eilif kanisimulia ajabu: leo hata programu ya kibanda ilimdai neno la siri. Akajaribu lile la friji, likakubali! Tumecheka. Kibanda kina nyuzi 28, anasema. Kama Uhispania.

Ijumaa, 6 Februari

Nyuzi 35. Pua zinagandana ukivuta pumzi.

Nimetoka kazini, gari ni sauna tena, betri asilimia 58. Muda wa kuchaji hakuna — mama mkwe alikuwa amekwisha kuvaa, amekaa mlangoni na soksi mbili za sufu na buti za manyoya, kama mtu anayekwenda kupokea nishani.

Tukaondoka. Kiti cha mama mkwe nimekiwasha joto mpaka mwisho, hewa ya moto yote miguuni pake. Nyuma yetu Asbjørn, kama gari la maiti. Kwenye mlima wa mwisho taa zake zikatoweka. Tukarudi kumwangalia: dizeli imeganda! Alijaza ile ya kiangazi isiyostahimili baridi, ya pipa la ghalani, kwa ubahili. Ameingia kwetu ndevu zimekuwa barafu. Akakaa nyuma, kando ya mama. Mimi nikasema machache.

"Karibu kwenye pasi, shemeji."

Tumefika. Betri 24. "Miguu yangu inachemka," kasema mama mkwe. Nilitaka kumbusu! Eilif akatangulia kufungua kwa ufunguo wa akiba, huku akijisifu.

Ndani nyuzi 17 chini ya sifuri. Sabuni jiwe. Ndoo ya maji jiwe.

Eilif akatoa simu, kakasirika: "Mbona inasema 28?" Akabonyeza. Nje gari likanyamaza. Akabonyeza tena. Gari — vuuu! Akabonyeza. Kimya. Vuuu!

Nikaichungulia simu yake.

"Eilif," nikamwambia, "vaa miwani."

Siku tatu alikuwa akibonyeza programu ya gari, si ya kibanda!

Asbjørn ndevu zikamyeyuka kwa furaha. Ati hukumu imetoka: kibandani ni baridi, basi ni chake. Nikamwambia mama alisema miguu, hakusema kuta. Tukamrudia hakimu, aliyekuwa bado garini. Akafikiri. Kufika, kasema, ni kuvuka kizingiti. Yeye hajavuka. Na havuki mpaka atakapopenda. Akajifunika blanketi, akaomba mkate. Mkate upo. Siagi ipo kwenye zulia.

Hivyo ndivyo tulivyo. Hita na kuni zinapandisha joto la kibanda, joto la miguu ya mama linashusha betri. Tulijaribu kulichaji gari kwa waya wa kibanda — fyuzi puu! giza. Ni kimoja au kingine. Eilif yuko ndani anachochea jiko, miwani usoni, kila mara anapiga kelele kutoka mlangoni: "Sita chini! ... Mbili chini!" Naye Asbjørn, mtu ambaye maishani hajawahi kuinua macho juu, usiku huu amependa nyota. Kila baada ya muda anafungua mlango wa gari wazi kabisa. "Oneni zinavyong'aa!"

"Funga mlango, mnajimu," kasema mama mkwe, macho amefumba.

Nimefunga kwa kitufe cha kuwazuia watoto wasifungue milango. Sasa amenuna.

Naandika kwa taa ya dashibodi. Kibanda nne juu ya sifuri. Betri 11. Mama anakoroma, ufunguo kaukamata ndani ya glavu. Buti moja imemvuka, mguu kaupandisha mapajani mwa Asbjørn, na Asbjørn — nimemwona! — anaupuliza upoe, kupitia soksi. Pumzi zenyewe za moto, mpumbavu. Sijamwambia.

Eilif kapiga kelele: sita!

Betri 10. Nalala kidogo mpaka hakimu aamke. Saa tatu na nusu usiku.