Mlango wa Jikoni kwa Mama Chelimo

Munyaka, Eldoret
20 Agosti 2011

Kwako ndugu yangu Irungu,

Postikadi yako ya Lucca imefika, nimeibandika karibu na kalenda ya kanisa. Huku mvua ni nyingi na mahindi yamefanya vizuri. Umeniandikia ati huko Italia mlango ukishafika miaka mia tano, serikali inamkataza mwenye nyumba hata kubadilisha bawaba. Nilicheka, halafu nikakasirika. Si wewe ulinikasirisha.

Unakumbuka mlango wetu, ule Baba alikuwa anatupimia urefu kila Krismasi na kuchora alama kwa msumari? Sisi wote tulijua uliungua na nyumba kwa ile vita ya uchaguzi. Haukuungua. Jumapili nilienda kwa Mama Chelimo, jirani yetu wa zamani, kumpa pole kwa kufiwa na mamake. Nimeukuta jikoni kwake, umewekwa kwa bawaba vizuri kabisa. Majina yetu yote yako. Wewe umenipita kidogo, na mdogo wetu Simeon ameishia kwa kitasa, Krismasi ya 2007, wiki moja kabla wamuue.

Nilikunywa chai yake yote nikiwa nimeupa mlango mgongo.

Wakati wa kuaga akaniambia, "Wageni wa posa ya Chelimo wanakuja wiki ijayo. Nataka nipake hii jikoni rangi, hata huo mlango."

Nikamwambia, "Mama Chelimo, mlango usipake."

Aliangalia chini. Hakuuliza kwa nini.

Dada yako,
Waiyego